Kupiga marufuku taa za angani katika eneo lenu: katazo liandikwe vipi ili lishike

Swali: Habari mtaalamu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya wakazi. Siku hizi sherehe nyingi hapa kwetu, iwe harusi, mkesha wa mwaka mpya au kumbukumbu ya marehemu, huishia kwa kurusha zile taa za karatasi zinazopaa kwa moto. Mabaki yake tunayaokota mashambani, na moja ilitua juu ya paa la nyumba ikiwa bado inawaka. Tunataka halmashauri ipige marufuku. Wauzaji wanasema za kwao ni salama, hazina waya na zinaoza zenyewe. Je, halmashauri ina uwezo huo? Katazo liandikwe vipi? Na litasimamiwaje, wakati aliyeirusha haachi alama yoyote?

Jibu: Ndugu mjumbe, nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloamua mengine yote. Taa ikishatoka mikononi mwa mtu, sheria imeshachelewa. Aliyeiachia hawezi kuizima wala kuigeuza, hakuna askari atakayeifuata gizani, na mara nyingi itaanguka nje ya mipaka yenu. Kwa hiyo katazo linaloshika ni lile linalomkuta mtu kabla hajawasha kiberiti: kwenye fomu ya kukodi ukumbi, kwenye kibali cha sherehe, kwenye lango la uwanja, kwenye rafu ya duka. Mkiandika tu kwamba ni marufuku kurusha, kisha mkasubiri mtu akamatwe, karatasi hiyo itabaki kwenye faili.

Kabla hamjaandika neno hata moja, kila mjumbe akijue chombo chenyewe, kwa sababu hoja nyingi za wauzaji zinajibika kwa kukijua tu. Taa ya angani ni mfuko wa karatasi nyembamba, urefu wake karibu mita 1, mdomo wake ukiwa umetanuliwa kwa pete ya mwanzi au ya waya. Katikati ya pete zimepitishwa nyuzi au waya mbili zilizokingamana, na pale zinapokutana umefungwa utambi: kipande cha kitambaa au kadibodi kilicholoweshwa nta. Mfuko wa ukubwa huo hubeba hewa ya takriban robo mita ya ujazo. Hewa ya nyuzi joto 20 ina uzito wa karibu kilo 1.2 kwa mita moja ya ujazo. Ikipashwa hadi nyuzi 100 inashuka hadi karibu kilo 0.95. Kwa robo mita ya ujazo, tofauti hiyo ni gramu 60 na kidogo. Hiyo ndiyo nguvu yote ya kupaa iliyopo, na humo humo lazima utoke uzito wa karatasi, pete na utambi. Ndiyo maana karatasi haiwezi kuwa nene, na ndiyo maana hakuna nafasi ya kuongeza kifaa chochote cha kuzimia moto. Udhaifu wa taa hii hautokani na kiwanda kibovu. Bila udhaifu huo haipai.

Sasa tazameni moto wenyewe. Chukueni utambi wenye nta ya gramu 20 unaowaka kwa dakika 8. Nta hutoa joto la karibu kilojuli 43 kwa gramu, kwa hiyo moto huo una nguvu ya takriban kilowati 1.8. Ni sawa na birika la umeme linalochemsha maji, ila hili linapita juu ya mapaa ya watu likiwa ndani ya mfuko wa karatasi. Na umbali? Upepo wa kilomita 20 kwa saa ni wa kawaida kabisa. Kwa dakika 10 angani, taa imekwenda zaidi ya kilomita 3. Kwenye ramani, piga duara la kilomita 3 kuzunguka ukumbi wenu wa sherehe, kisha hesabu mazizi, vituo vya mafuta, mapaa ya nyasi au makuti, maghala na mashamba makavu yaliyo ndani yake. Ramani hiyo moja ichapisheni na mwende nayo kwenye kikao. Hushawishi kuliko kurasa kumi za maelezo.

Kuna jinsi taa hizi zinavyoharibika, na inafaa kuzijua kwa undani kwa sababu maswali ya wajumbe yatarudi hapo. Ya kwanza na ya kawaida ni haraka. Mfuko unahitaji dakika nzima au zaidi ushikwe wima mpaka hewa ya ndani ipate moto wa kutosha na mtu ahisi unamvuta mikono kwenda juu. Kwenye sherehe watu wanapiga picha, mtoto anataka kuiona ikienda, na taa inaachiwa bado ina ubaridi. Haipandi, inakwenda ubavuni, chini chini, mpaka kwenye mti au ukingo wa paa wa kwanza, utambi ukiwa bado na nta karibu yote. Ya pili ni kishindo cha upepo: upande mmoja wa mfuko unabonyea, hewa ya moto inamwagika, mdomo unainama, na ulimi wa moto unaigusa karatasi. Sekunde mbili tatu mfuko umekwisha, na utambi unaowaka unadondoka kama jiwe. Ya tatu ni kuchanika wakati wa kukunjua, tundu dogo ambalo mrushaji halioni gizani; taa kama hiyo hupanda kiasi kisha hurudi chini kabla nta haijaisha.

Utaona kwamba katika zote tatu taa inafika chini na moto wake. Kwa hiyo maneno yaliyoandikwa kwenye pakiti, kwamba taa hushuka baada ya kuzimika, ni kweli kwa taa iliyofanya kila kitu sawasawa tu. Sheria haiandikwi kwa ajili ya taa hiyo.

Wauzaji watakuja na hoja tatu. Watasema karatasi imetiwa dawa isishike moto. Dawa hiyo inaisaidia karatasi kutolipuka haraka, lakini utambi haukutiwa dawa na hauwezi kutiwa, kwa kuwa kazi yake ni kuwaka. Watasema hazina waya. Ni afadhali kwa mifugo, lakini kwa moto hakuna kilichobadilika. Watasema zinaoza. Karatasi huoza mapema, lakini fito za mwanzi hukaa shambani muda mrefu, na zikikatika zinatoa ncha kali. Juu ya hayo, kitu kinachooza baada ya miezi bado kimewaka leo usiku. Msikubali katazo lenye msamaha wa "taa zinazooza". Msamaha huo ukishaingia, kila taa itakayokamatwa itakuwa na lebo inayosema inaoza, na askari wenu hatakuwa na namna ya kuipima barabarani.

Kuhusu mifugo nataka niseme kwa uangalifu, kwa sababu kamati nyingi huanza na hoja hii na huangukia hapo. Hatari yenyewe ipo na inaeleweka: ng'ombe hula bila kuchagua, kipande cha waya kinaingia kwenye chumba cha pili cha tumbo lake, kinatoboa ukuta, na chumba hicho kiko karibu kabisa na moyo. Waya ukiingia kwenye mashine ya kukatia majani ya kuhifadhi, hugeuka vipande vidogo vinavyosambaa katika lishe ya kundi zima. Lakini kuthibitisha kwamba ng'ombe fulani alikufa kwa waya wa taa na si wa uzio ni kazi ngumu. Utafiti ulioagizwa na serikali ya Uingereza na kutolewa mwaka 2013 uliona kwamba madhara kwa mifugo kwa ujumla ni madogo, na papo hapo ukasema hatari ya moto ni kubwa. Mkitanguliza ng'ombe, mpinzani wenu atausoma utafiti huo kikaoni. Tangulizeni moto. Mifugo na takataka vifuate nyuma.

Na kwa upande wa moto mifano haina ubishi. Usiku wa tarehe 30 Juni 2013, huko Smethwick nchini Uingereza, kamera za ulinzi zilirekodi taa ikitua kwenye yadi ya plastiki za kurejelezwa. Tani 100,000 hivi za plastiki na karatasi zilishika moto, na zaidi ya askari wa zimamoto 200 waliitwa. Huko Siegen, Ujerumani, mtoto wa miaka 10 alikufa mwaka 2009 katika moto ulioanzishwa na taa ya aina hii, na mwaka huo huo jimbo lake la North Rhine-Westphalia likazipiga marufuku. Nitarudi kwenye jimbo hilo, kwa sababu yaliyotokea baadaye ndiyo somo kubwa kuliko yote kwenu.

Sasa uwezo wa halmashauri. Jibu fupi ni kwamba karibu kila mahali ina uwezo wa kufanya jambo, ila si lazima liwe lile mnalolifikiria. Kuna njia mbili na msizichanganye.

Njia ya kwanza ni ya mwenye mali. Halmashauri inamiliki au inasimamia viwanja vya michezo, bustani, fukwe, kumbi, shule, makaburi. Kama mwenye ardhi inaweza kusema: kwangu hakirushwi kitu hiki. Hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji azimio la kikao na sharti kwenye mkataba. Ndivyo zilivyofanya halmashauri za Wales, na zote 22 zimekataza kurusha taa hizi kwenye ardhi zao. Ni njia ya haraka, ina gharama ndogo, na haipingiki kirahisi mahakamani. Udhaifu wake ni wazi: haimgusi mtu aliye uani kwake.

Njia ya pili ni sheria ndogo, inayomhusu kila mtu ndani ya eneo. Hapa swali la kumuuliza mwanasheria wa halmashauri si "je, tunaweza?" bali "ni kifungu gani cha sheria mama kinachotupa uwezo huu?" Mara nyingi ni kile cha kuzuia moto, cha kero kwa umma, cha usafi au cha usalama wa watu. Kifungu hicho kitajwe kwenye utangulizi wa sheria ndogo yenyewe, na kila katazo ndani yake lilingane nacho. Sheria ndogo inayovuka uwezo wa sheria mama ni batili, na mahakama ikiibatilisha mmerudi nyuma kuliko mlipoanza. Vilevile fuateni hatua zote za tangazo kwa wananchi, muda wa maoni, idhini ya ngazi ya juu na kuchapishwa rasmi. Kuruka hatua moja ya tangazo kumeua sheria ndogo nzuri nyingi kuliko ubishi wa wauzaji.

Ushauri wangu: pitisheni njia ya kwanza kwenye kikao kijacho, na anzeni ya pili siku hiyo hiyo. Msisubiri. Sheria ndogo inaweza kuchukua miezi mingi, na sherehe zenu nyingi kubwa hufanyika kwenye viwanja vya umma.

Tukija kwenye maneno. Kosa ninaloliona zaidi ni kukitaja chombo kwa jina lake la biashara. Mkiandika tu "taa za Kichina" au "taa za angani", muuzaji atabadilisha jina kwenye pakiti. Kielezeni kwa namna kinavyofanya kazi. Maandishi kama haya yanatosha, na mwanasheria wenu ayapitie:

"Taa ya angani maana yake ni kifaa chochote kisichobeba mtu, kilichotengenezwa kwa karatasi, kitambaa, plastiki au malighafi nyingine yoyote, ambacho hupaa kwa hewa iliyopashwa joto na moto ulio wazi unaobebwa na kifaa hicho, bila kujali jina kinachouzwa nalo, na bila kujali kama kimefungwa kamba au la."

"Hairuhusiwi kwa mtu yeyote, ndani ya eneo hili: (a) kuachia taa ya angani, (b) kuwasha taa ya angani kwa nia ya kuiachia, (c) kuruhusu, akiwa mmiliki, mpangaji au msimamizi wa mahali, taa ya angani iwashwe au iachiwe mahali hapo, (d) kugawa taa za angani kwa wahudhuriaji wa shughuli anayoiandaa."

Tazameni uzito ulivyogawanywa. Kipengele (a) ndicho ambacho kila mtu hukikumbuka, na ndicho kigumu zaidi kuthibitisha. Kipengele (b) kinampa askari haki ya kuingilia wakati mfuko bado uko mikononi na unavimba, dakika ile moja niliyoitaja. Vipengele (c) na (d) vinamgusa mwenye ukumbi na mwandaaji, watu wenye jina, anwani na saini kwenye fomu. Kama mna nafasi ya kupigania vifungu viwili tu, piganieni hivi vya mwisho.

Suala la kamba huzua mjadala. International Fire Code, kanuni ya mfano inayofuatwa na maeneo mengi ya Marekani, inakataza taa zisizofungwa kamba. Mimi napendelea katazo lisijali kamba. Uzi mwembamba ambao taa inaweza kuubeba ndani ya gramu zake chache za ziada ni uzi unaoungua au kukatika. Uzi mnene unaishusha. Na usiku, kutoka mita 50, askari hawezi kuona kama ipo kamba au haipo.

Msamaha uwe mfupi: maputo makubwa ya hewa moto yanayobeba watu chini ya kanuni za usafiri wa anga, na vifaa vya vyombo vya hali ya hewa au utafiti vyenye kibali. Msiweke kifungu cha "isipokuwa kwa kibali cha mkurugenzi". Nia yake huwa njema, lakini kibali kimoja kikitoka kwa harusi ya mtu mkubwa, mwananchi wa kawaida hatakubali tena kuambiwa hapana. Na masharti ya upepo, kwa mfano "irushwe tu pakiwa shwari", hayasaidii. Jioni ardhi hupoa, hewa ya chini inatulia, watu wanaona majani hayatikisiki. Mita 100 juu upepo unaendelea kama kawaida. Aliyetimiza sharti kwa nia safi anashangaa taa yake imeondoka kwa kasi kuelekea asikotarajia.

Ziko jamii ambazo taa hizi ni mila ya muda mrefu, na huko wenye mamlaka huzibana kwa mahali na saa badala ya kuzifuta. Chiang Mai, Thailand, wakati wa sikukuu ya Yi Peng safari nyingi za ndege hufutwa au kubadilishwa saa ili anga ibaki wazi. Hicho ndicho kipimo cha gharama ya kuruhusu kwa utaratibu: uwanja wa ndege unasimama. Eneo ambalo taa zimeingia juzi kama pambo la sherehe halina sababu ya kubeba mzigo huo.

Katazo la kuuza ni jambo jingine tena, na hapa nchi zimeshika mpini tofauti. Australia ilipiga marufuku kuuza kuanzia mwaka 2011. Vietnam ilikataza kutengeneza, kuuza na kurusha, mwaka 2009. Brazil, ambako kuna desturi ya maputo ya karatasi yenye moto, sheria ya mwaka 1998 inafanya kuyatengeneza, kuyauza, kuyasafirisha au kuyarusha kuwa kosa la jinai, kifungo mwaka 1 hadi 3 au faini. Lakini hizo ni sheria za nchi. Halmashauri mara nyingi haina uwezo wa kukataza bidhaa ambayo nchi inairuhusu, na hata ikiwa nao, mtandaoni haufiki. Mnachoweza kufanya ni kuwatembelea wenye maduka mmoja mmoja mkiwa na ile ramani, kuwaomba waache kwa hiari, na kuwataka wanaoendelea kuuza wabandike tangazo la katazo palipo na bidhaa. Wengi huacha. Hakuna mwenye duka anayetaka moto ufuatiliwe mpaka kwenye risiti yake.

Narudi North Rhine-Westphalia. Katazo lilikuwepo tangu 2009, na adhabu ipo. Usiku wa kuamkia mwaka 2020, mjini Krefeld, mama mmoja na binti zake wawili watu wazima walirusha taa chache, baadhi zikiwa na salamu za mwaka mpya zilizoandikwa kwa mkono. Moja ilitua juu ya paa la nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama. Zaidi ya wanyama 30 walikufa, wakiwemo orangutani. Wanawake hao walijitokeza wenyewe polisi walipoeleza chanzo. Taa walikuwa wameziagiza mtandaoni, na hawakujua kwamba ni marufuku.

Ndugu mjumbe, yatafakari hayo vizuri. Hawakuwa wahalifu, walikuwa watu wenye nia njema waliokuja kuungama mara tu walipojua. Katazo lililokuwa na umri wa miaka kumi halikuwafikia. Kwa hiyo bajeti ya kutangaza si pambo la mwisho. Kwangu mimi nusu ya juhudi zenu zote iende huko, na mtangaze kwa msimu: wiki tatu kabla ya mkesha wa mwaka mpya, mwanzo wa msimu wa harusi, mwanzo wa kiangazi. Pelekeni ujumbe kwa watu wanaopanga sherehe: wapambaji, washereheshaji, wapiga picha, viongozi wa dini, wasimamizi wa mazishi. Mpiga picha ndiye mara nyingi anayependekeza taa, kwa sababu ya picha nzuri. Tangazo liseme mambo matatu tu: kitu gani, kwamba ni marufuku hapa hata uani kwako, na mwandaaji ndiye anayewajibika.

Fomu ya kukodi ukumbi au kuomba kibali iwe na mstari wake peke yake, si ndani ya aya ya masharti ya jumla: "Nathibitisha kwamba taa za angani hazitawashwa wala kugawiwa katika shughuli hii," na nafasi ya saini. Amana irudishwe shughuli ikiisha bila ukiukaji. Mstari huo mmoja hufanya kazi kubwa kuliko doria, kwa sababu unamlazimisha mwandaaji kuuliza familia mapema, wakati bado kuna muda wa kubadili mpango.

Usiku wa hatari wenyewe, watu wawili kwa kila uwanja wanatosha, wafike kabla ya giza. Watafute pakiti bapa zenye karatasi iliyokunjwa, si moto. Wakizikuta, wazichukue kwa kuandika idadi na jina la mwenye nazo, wampe risiti. Wawe na ndoo ya mchanga na blanketi zito. Taa ikitua inawaka, isishikwe kwa mikono wala isimwagiwe maji ghafla: nta iliyoyeyuka na kuwaka ikikutana na maji hurushwa huku na huku. Ifunikwe kwa mchanga mpaka ipoe, kisha mahali hapo paangaliwe kwa nusu saa, hasa kama ni nyasi, maana moto wa kufukuta hauonekani haraka. Ikitua juu ya paa au ndani ya ghala, hapo hakuna cha kujaribu. Waiteni zimamoto na watoeni watu.

Pwani au karibu na ziwa kubwa, ongezeni waokoaji wa majini kwenye orodha ya wanaopewa taarifa. Taa nyekundu au ya rangi ya chungwa inayopaa juu ya maji usiku hufanana na fataki ya kuomba msaada, na boti ya uokoaji hutoka kumtafuta mtu ambaye hayupo, huku anayezama kwingine akisubiri.

Jambo la wafiwa lishughulikiwe kwa moyo. Familia inayotaka kurusha taa kwa ajili ya mtoto wao haifanyi mzaha, na askari akiwanyang'anya mbele ya kaburi mtaa mzima utalichukia katazo. Waandaeni mapema na mbadala: taa za karatasi zenye balbu ndogo ya betri zinazobaki mikononi au kutundikwa, mishumaa ndani ya vyombo vya kioo vyenye mchanga chini, kupanda mti. Mishumaa ya kuelea majini msiipendekeze, na maputo ya gesi pia msiyapendekeze. Mmeondoa moto mkarudisha takataka. Maputo ya gesi, mkitaka kuyakataza, yapeni kifungu chake chenyewe chenye sababu yake, kwa sababu hoja ya moto haiyagusi, na sheria ndogo yenye sababu zilizochanganywa huvunjwa kirahisi.

Majirani msiwasahau. Kwa ile hesabu ya kilomita 3, sehemu ya taa zinazoangukia kwenu zimetoka upande ule upepo unakotoka. Wapelekeeni nakala ya rasimu mapema na muwaombe watumie maneno yale yale ya ufafanuzi, ili askari wa pande zote wasibishane kuhusu kitu gani kimekatazwa.

Na mwisho, anzeni kumbukumbu leo, kabla ya kikao. Daftari moja, na kwa kila taa iliyookotwa andikeni tarehe, saa, mahali, upepo ulikotoka usiku uliotangulia, ina waya au mwanzi, utambi umeungua wote au umebaki. Pigeni picha na rula kando yake. Safu ya utambi ndiyo yenye thamani kubwa: kila utambi uliopatikana ukiwa na nta iliyobaki ni taa iliyoshuka kabla ya muda wake. Miezi mitatu ya daftari hilo, ikiwa na tambi zenyewe ndani ya mifuko yenye namba, iwekeni mezani pamoja na ramani. Endeleeni nalo mwaka mzima baada ya katazo kupita, kwa jedwali lile lile, ili kikao cha mwaka ujao kione kama idadi imeshuka na zilizobaki zinatoka upande gani.